Nusu ya Chodi Si Nusu ya Umbali

"Mwalimu, chodi ikiwa nusu ya kipenyo, si inakaa katikati ya kitovu na mzingo?" Wanafunzi wa Kidato cha Tatu hapa Chamwino wananiuliza hivyo, wa Kidato cha Nne wanaojiandaa na mtihani wa taifa wananiuliza hivyo hivyo, na hata wazazi wanaowasaidia watoto kazi za nyumbani. Hapana, haikai hapo. Nimelijibu swali hilo sana kwa mdomo na bado linarudi, kwa hiyo leo naliandikia.

Chukua duara lenye nusukipenyo cha sentimita 10. Chodi ndefu kuliko zote ni kipenyo chenyewe, sentimita 20, nayo inapita kitovuni. Wenye imani ya uwiano wanasema chodi ya sentimita 10 itakuwa sentimita 5 kutoka kitovuni. Chora, upime. Utaikuta sentimita 8.66 kutoka kitovuni, imesogea kabisa kuelekea ukingoni. Ile iliyo sentimita 5 kutoka kitovuni ina urefu wa sentimita 17.32.

Endelea kupima, maana hapa ndipo penye somo. Ukiondoka kitovuni sentimita 1, chodi inapungua kutoka 20 hadi 19.90, yaani milimita moja tu. Ukifika sentimita 9 bado ina 8.72. Sentimita ya mwisho peke yake inazimaliza zote hizo 8.72. Kitu kinachopungua milimita moja mwanzoni na karibu sentimita tisa mwishoni, kwa hatua zile zile, hakina uwiano na umbali. Basi.

Fundi anayeezeka tangi la duara la kuvunia maji ya mvua hafanyi kosa hili, kwa sababu anavuta tepu kabla ya kushika msumeno. Tangi likiwa na kipenyo cha mita 4, mbao ya katikati inahitaji mita 4 kutoka ukuta hadi ukuta. Mbao inayolala mita 1 pembeni mwake inahitaji karibu mita 3.46. Anayefuata uwiano atakata mita 2, na mbao hiyo itatumbukia tangini. Wanafunzi wangu wamekulia kwenye ukame wa hapa Chamwino, matangi hayo wanayaona kila siku, lakini wakifungua daftari wanasahau kwamba duara la kwenye karatasi ni lile lile.

Kosa linatoka wapi? Linatoka kwenye tao. Tao kweli hufuata pembe ya kitovuni kwa uwiano: pembe ikiwa maradufu, tao nalo maradufu. Mwanafunzi akishajua hilo anaihamishia chodi sheria ambayo si yake. Ptolemy, mtaalamu wa nyota aliyefanya kazi Alexandria, Misri, katika karne ya 2, alitengeneza jedwali zima la chodi, kila nusu nyuzi hadi nyuzi 180, kwa duara la nusukipenyo 60. Kwa nyuzi 60 chodi ni 60. Kwa nyuzi 120 si 120, ni karibu 103.92, ile 120 ni ya kipenyo. Kama uwiano ungetosha, asingehitaji jedwali.

Na tafadhali, acheni kuwanunulia watoto vile vikaratasi vya fotokopi vyenye kanuni za duara za kukariri. Mtoto anaingia na kanuni kumi kichwani, anauliza atumie ipi, na hajachora hata mstari mmoja. Mstari anaouhitaji ni mmoja: kutoka kitovuni, ukutane na chodi kwa pembe mraba. Utaikata chodi katikati. Kisha unganisha kitovu na ncha moja ya chodi, hiyo ni nusukipenyo. Umepata pembetatu yenye pembe mraba, na Pythagoras anamaliza. Chodi ya 16 kwenye duara letu: nusu yake 8, nusukipenyo 10, umbali 6. Mwenye uwiano alikuwa ameandika 2.

Mengine kwa haraka. Umepewa pembe ya kitovuni: igawe kwa mbili, tafuta saini yake, zidisha kwa kipenyo, hiyo ndiyo chodi. Chodi mbili zinakatana ndani ya duara: zidisha vipande viwili vya moja, jibu ni sawa na vipande viwili vya nyingine. Una kona tu na kitovu hakionekani, kama kwenye Reli ya Kati iliyofika Dodoma mwaka 1910: vuta kamba ya mita 20, ncha zote zishike ukingo wa ndani wa reli ya nje, pima mwanya katikati ya kamba. Nusu ya kamba mara yenyewe, gawa kwa mara mbili ya mwanya, ongeza nusu ya mwanya. Mwanya wa sentimita 10 unakupa nusukipenyo cha mita 500 na sentimita 5. Chodi mbili sambamba, 24 na 10, kwenye duara la nusukipenyo 13: moja iko 5 kutoka kitovuni, nyingine 12. Zikiwa upande mmoja wa kitovu zimeachana 7, zikiwa pande mbili zimeachana 17. Swali lisiposema ziko upande gani, andika majibu yote mawili.