Filamu za Nyani na Swali la Hatia ya Mwanadamu

Mume anapompiga mkewe, kisha akajitetea mbele ya wazee wa Usharika kwamba ndivyo mwanaume alivyoumbwa, mchungaji wa Sapiwi hukabiliwa na swali lililowahi kuzusha mabishano hata katika Bunge la Marekani: je, maumbile yakieleza mwenendo wetu, yanatuondolea hatia?

Mwaka 1975 wabunge wa huko walishindania mtaala wa shule za msingi ulioitwa Man: A Course of Study, uliotungwa kwa uongozi wa mwanasaikolojia Jerome Bruner na kugharimiwa na serikali. Watoto walionyeshwa filamu za samaki, ndege, nyani wa Amboseli nchini Kenya, na Wanetsilik wa Kanada, ili watafakari ni nini kinachomfanya mwanadamu kuwa mwanadamu. Wapinzani, akiwemo mbunge John Conlan, walidai kuwa mafundisho hayo yanadhoofisha maadili. Fedha za kuueneza mtaala huo zikasitishwa.

Filamu za nyani zilitokana na utafiti wa Irven DeVore, aliyesisitiza ubabe wa madume. Lakini tangu 1971, Jeanne Altmann na wenzake walichunguza nyani wa Amboseli hiyohiyo, wakabaini kwamba majike ndio wanaodumu katika kundi, na binti hurithi cheo cha mama yake, ilhali madume huhamahama. Basi anayemchukua dume mbabe kuwa kielelezo cha maumbile ameona sehemu tu, hata kwa nyani wenyewe.

Hata hivyo, hatuna sababu ya kuzikimbia filamu za namna hiyo. Mwanzo 2:7 inakiri kwamba sisi tu mavumbi. Kufanana na wanyama si habari ngeni kwa Kanisa. Lakini katika Mwanzo 4:7 Kaini, akiwa tayari amewaka hasira, anaambiwa kwamba imempasa kuishinda dhambi. Mungu hakanushi kuwapo kwa hasira hiyo. Anamdai Kaini jibu juu yake.

Hapa ndipo uchungaji wetu unapohusika. Anayesema "ndivyo nilivyoumbwa" anatafuta kuachiliwa bila kuungama. Tukimkubalia, tunamnyima pia ondoleo la dhambi, kwa maana asiye na hatia hana cha kusamehewa, na mke wake hubaki bila ulinzi. Tumsikilize aeleze chanzo cha hasira yake, kisha tumwite atubu.