Nani Anasahau, Nani Anasahaulika

Kijana mmoja wa darasa langu la jioni hapa Moshi aliandika barua ya kuomba kazi ya kuongoza watalii. Ilikuwa barua ya adabu, na katikati yake alitaka kueleza kwamba husahau upesi majina ya watu, ndiyo maana hatembei bila daftari. Akaandika: "I am easy to forget." Maneno yote yameendelezwa sawasawa, sarufi haina kasoro. Lakini Mwingereza akiisoma sentensi ile atapata habari nyingine kabisa: kwamba huyu ni mtu ambaye ukiagana naye leo, kesho humkumbuki. Alikusudia kusema ni mwepesi wa kusahau, barua ikasema ni mwepesi wa kusahaulika.

Wanafunzi wangu wengi ni wapagazi wanaotaka kuwa waongoza watalii, na akina dada wanaofanya kazi hotelini. Kwa maoni yangu hakuna kona ya Kiingereza inayowaonea kimyakimya kama hii, pale kivumishi kinapofuatwa na "to" na kitenzi. Ukikosea wakati wa kitenzi, msikilizaji anajua umekosea, na akikuhurumia atakurekebisha. Hapa sentensi inasimama imara na maana isiyo yako, na msikilizaji anaichukua jinsi ilivyo.

Zitazame hizi mbili: "Neema is eager to help" na "Neema is easy to help." Zimetofautiana neno moja tu. Ya kwanza inasema Neema ana hamu ya kusaidia, kwa hiyo msaada unatoka kwake. Ya pili inasema kumsaidia Neema si kazi, kwa hiyo msaada unamwendea. Noam Chomsky, mwanaisimu wa Marekani, alivipa vivumishi hivi viwili umaarufu katika miaka ya 1960. Alivitumia kuonyesha kwamba sentensi zinaweza kufanana sura zikapishana mpangilio wa ndani, yaani nani anatenda na nani anatendewa.

Msemaji wa Kiswahili ana sababu ya kujikwaa hapa, na sababu hiyo si uzembe. Lugha yetu huweka alama kwenye kitenzi chenyewe. Tunasema Neema ana hamu ya kusaidia, lakini Neema ni rahisi kumsaidia. Ile "m" ndogo imeshatuambia kila kitu. Tukitaka, tunabadili mwisho wa kitenzi: barabara hii ni ngumu kupitika, mwandiko huu ni rahisi kusomeka. Kiingereza hakina "m" hiyo wala "-ika". Kitenzi chake kinabaki vilevile, "to help", na kazi yote ya kutuonyesha mtenda na mtendwa imeachiwa kivumishi. Kwa hiyo anayejifunza "easy" kwa kukariri tu kwamba ni "rahisi" au "epesi" amejifunza nusu ya neno. Nusu nyingine ni kujua linamweka wapi mtu aliyetajwa mwanzoni.

"Easy", "hard", "difficult", "safe", "dangerous", "expensive" na "impossible" humweka upande wa kutendewa. Maji ni "safe to drink", nayo hayanywi, yananywewa. "Eager", "willing", "afraid", "glad", "quick" na "slow" humweka upande wa kutenda. Yule kijana alihitaji "quick to forget", au aseme tu kwa kifupi "I forget names easily". Mwenye mashaka ajaribu kuanza na "it". "It is easy to help Neema" inakubali, na maana ni ileile. "It is eager to help Neema" inakataa, isipokuwa uwe unamzungumzia mnyama. Kivumishi kinachoukubali mgeuzo huo ni cha upande wa kutendewa.

Kuna "ready", ambacho kiko pande zote mbili. "The goat is ready to eat" inaweza kuwa mbuzi aliyechomwa akaiva, au mbuzi mzima anayengoja majani. Hapa Uchagani, mahali penye sherehe, kila mtu atajua ni yupi. Sarufi peke yake haijui.

Anayedhani jambo hili ni gumu kwa wageni tu asikilize habari ya mwanasesere. Mwaka 1969 Carol Chomsky, mwanaisimu na mke wa Noam, alichapisha utafiti juu ya watoto 40 wa miaka 5 hadi 10 waliokuwa wakizungumza Kiingereza tangu utotoni. Aliweka mbele yao mwanasesere aliyefungwa kitambaa machoni, akauliza kama mwanasesere huyo ni "easy to see" au "hard to see". Mwanasesere yuko wazi pale, kumwona hakuna taabu. Lakini watoto wadogo walijibu kwamba ni "hard to see", kwa kuwa macho yake yamefungwa. Waliamini kwamba aliyetajwa mwanzoni ndiye anayeona. Waliofikisha miaka 9 walijibu inavyotakiwa. Nikikumbuka kwamba mtoto aliyezaliwa ndani ya lugha hii anaweza kuingia shule jambo hili bado linampiga chenga, siwezi kumkaripia mtu mzima anayekuja darasani usiku, miguu ikimuuma kwa kushuka mlima.

Wako wanafunzi wanaotafuta njia yao wenyewe ya kuondoa utata. Wanasema "This path is easy to be seen", kwa kufuata "kuonekana" yetu. Leo nawasahihisha, waseme "easy to see", lakini nawaambia pia kwamba Waingereza wa zamani walisema hivyo hivyo. Biblia ya King James ya mwaka 1611 ina umbo hilo la kutendwa baada ya "hard". Lugha ilikuwa na njia mbili, ikaendelea na moja.

Kisha kuna vile vineno vya mwisho vinavyodondoka njiani. Mpagazi anataka kusema hema ni dogo mno, halilaliki. Anasema "This tent is too small to sleep." Imepungua "in". Kiti ni "comfortable to sit on", mtu ni "easy to talk to". Kiswahili nacho hakiachi pengo: tunasema mtu rahisi kuongea naye, na hatuwezi kukata "naye". Penye "naye" au "ndani yake" kwetu, Kiingereza kinaacha kile kineno kimoja peke yake mwishoni, bila kitu mbele yake. Ukikishikilia hicho, "too small to sleep in" inakuja yenyewe.

Jambo ninalolipigania kuliko yote ni shukrani, maana hapo ndipo utu wa mtu unapoonekana. "It was good of you to wait" maana yake umefanya wema kunisubiri. "It was good for you to wait" maana yake kusubiri kumekufaa wewe. Mgeni aliyesimama kwenye baridi akimngoja mpagazi afunge mizigo, akiambiwa ya pili, atashangaa. Tunapousifu au kuulaumu moyo wa mtu, kwa maneno kama "kind", "brave" au "foolish", tunasema "of". Tunapopima jambo lenyewe lilivyomwangukia, kwa "hard" au "easy", tunasema "for".

Na kwa waongoza watalii kuna "sure". "You are sure to see elephants" inaonekana kama inasema mgeni ana uhakika. La, mwenye uhakika ni msemaji, naye ametoa ahadi. Uhakika wa mgeni mwenyewe ungekuwa "sure of seeing". Asiyetaka kuahidi aseme "You are likely to see elephants". Na "You are possible to see elephants" haipo kabisa, ni "It is possible to see elephants". Tarangire wakati wa kiangazi, tembo wanapokusanyika kwenye maji ya mto, nawaruhusu waseme "sure". Kwa chui nawakataza hata "likely". Waseme "You would be lucky to see a leopard". Hapo bahati ni ya mgeni, na anayeona ni yeye.