Ngoma ya Isukuti na Moyo wa Mtu Mzima

Wahenga wetu walinena kwamba ngoma ikilia sana haikawii kupasuka. Methali hii hutupendeza mno sisi watu wa makamo wa mwambao, kwani hutupa udhuru mzuri wa kuketi barazani baada ya Alasiri, kikombe cha kahawa mkono mmoja na kipande cha halua mkono wa pili. Akitokea kijana kutuhimiza tuinuke tukanyooshe viungo, humjibu kwamba mwenda pole hajikwai, mazungumzo yakaendelea. Lakini, ndugu msomaji, iko ngoma huko Kakamega iliayo kwa vishindo, ikatulia, kisha ikalia tena, wala haipasuki. Nami naona ina funzo kwa mioyo yetu.

Ngoma hiyo ni isukuti, mchezo wa Waisukha na Waidakho, ambao ni jamii mbili miongoni mwa Waluhya. Mchezo umepata jina lake kutokana na ngoma zenyewe, zipigwazo tatu kwa pamoja: kubwa, ya wastani na ndogo. Huandamana na pembe ya mnyama na njuga za chuma. Mwimbaji mmoja huongoza, na wachezaji hujipanga kwa safu, wanaume mbali na wanawake mbali. Huchezwa mtoto azaliwapo, jandoni, harusini na mazikoni, na hata penye mchezo wa mpira au mafahali wapiganapo.

Nchi hiyo si ngeni kwa watu wa pwani. Katika karne ya 19 misafara ya wafanya biashara Waswahili ilifika kwa miguu mpaka kwa Nabongo Mumia wa Wanga, na hadi leo Mumias ina Waislamu wengi. Mababu walifika huko miguu imekomaa kwa safari. Mimi nilifika kwa basi, nikashuka miguu imekufa ganzi kwa kuketi tu. Tofauti hiyo peke yake yatosha kumtia mtu fikira.

Nilipowatazama wachezaji wa isukuti, mabega yalikuwa yakitetema na nyayo zikiitwanga ardhi hata vumbi likapanda magotini. Punde kiongozi akateremsha sauti, hatua zikawa ndogo, watu wakavuta pumzi. Kisha ngoma kubwa ikaita, na wote wakaamka upya. Mpiga ngoma mmoja mwenye mvi kichwa kizima, niliyemdhania rika langu, alikuwa amenizidi miaka mingi. Nilipomuuliza siri yake alicheka. "Mzee wangu," akanijibu, "apigaye kwa nguvu tangu mwanzo hadi mwisho huchoka kabla bibi harusi hajatoka. Piga, pumua, piga tena."

Waama, maneno hayo ndiyo mhutasari wa elimu ambayo wakufunzi wa riadha waliitafuta kwa miaka mingi. Katika miaka ya 1930, mkufunzi Waldemar Gerschler na daktari Herbert Reindell wa Freiburg, Ujerumani, waliwafunza wakimbiaji kukimbia kwa kasi, kupumzika kidogo mpaka mapigo ya moyo yashuke, kisha kukimbia tena. Mwanafunzi wa Gerschler, Rudolf Harbig, alikimbia mita 800 kwa dakika 1 na sekunde 46.6 mwaka 1939, rekodi iliyodumu hadi 1955. Emil Zátopek wa Czechoslovakia naye alijizoeza kwa kurudia mita 400 mara nyingi kwa siku, na katika Olimpiki ya Helsinki mwaka 1952 alichukua dhahabu tatu: mita 5,000, mita 10,000 na marathoni.

Hao walikuwa mabingwa, utasema, sisi tuna nini nao? Mwaka 1996 Mjapani Izumi Tabata na wenzake walitoa matokeo ya majaribio kwa vijana. Kundi moja lilipiga baiskeli ya mazoezi kwa saa nzima, kwa kadiri. Kundi la pili lilipiga kwa nguvu zote sekunde 20, likapumzika sekunde 10, mara 7 au 8 tu. Baada ya wiki 6 kundi la pili, lililotumia dakika chache mno, lilikuwa limeongeza uwezo wa mwili kutumia oksijeni kwa kiasi kisichopungua kile cha kundi la kwanza.

Kwa watu wa umri wetu wataalamu wa Norway wameeneza namna iliyo pole zaidi: dakika 4 za kujitahidi hata usiweze kuzungumza ila neno moja moja, kisha dakika 3 za mwendo wa taratibu, na kurudia hivyo mara 4. Siri yake ni moyo. Ukiusukuma, hujifunza kutoa damu nyingi zaidi kwa kila pigo. Na kupumzika katikati huuwezesha mwili kurudia juhudi ambayo usingeiweza mfululizo. Ni kama utungo: kina cha kati humpa mwimbaji nafasi ya kupumua, na bila hicho hawezi kuufikisha ubeti mwisho.

Nasi twauhitaji ubeti huo. Uwezo wa mwili kutumia oksijeni hupungua kwa kadiri ya asilimia 10 kila miaka kumi kwa mtu mzima asiyejishughulisha, na maradhi ya sukari na shinikizo la damu yamekuwa wageni wasiobisha hodi majumbani mwetu. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2020 kwamba mtu mzima apate kwa wiki dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya kadiri, au 75 hadi 150 za mazoezi ya nguvu. Ufuo tunao, na ngazi za nyumba zetu tunazo. Wasomao sira wanajua kwamba Mtume (S.A.W.) alishindana mbio na Bi Aisha, kwa hiyo mwenye kuona haya asiutaje utu uzima.

Hata hivyo methali ya wahenga isitupwe. Mwenye maradhi ya moyo, presha au sukari, na aliyeketi kwa miaka, sharti amwone daktari kwanza, aanze kwa kutembea, na maumivu ya kifua yakitokea aache mara moja. Ngoma hupasuka kwa kupigwa bila kituo. Lakini ngozi isiyopigwa kamwe nayo hukauka, ikaliwa na mende.

Na hilo la pili ndilo linaloikabili isukuti yenyewe. Mwaka 2014 UNESCO iliiweka katika orodha ya turathi zinazohitaji kulindwa kwa haraka, kama ilivyoziweka mila za kaya za Mijikenda mwaka 2009. Wajuzi wake wengi ni wazee wasio na warithi, na watazamaji wengi wamegeukia burudani nyingine. Mchezo uliowafanya watu wazima watoke jasho bila kuambiwa ni mazoezi unapungua viwanjani, wakati huo huo tukilipia vyumba vya mazoezi mijini ili tufunzwe kupiga, kupumua na kupiga tena. Nasi wa pwani tuna kirumbizi chetu. Tukiombe fimbo kabla hatujaandikiwa vidonge.