Mti Juu ya Kisima Unabeba Kilo Ngapi?

Katika kijiji kimoja watu walikuwa wanachimba kisima. Mchimbaji alikuwa chini. Wenzake walikuwa juu, wanavuta udongo kwa debe. Walilaza mti juu ya shimo, wakafunga roda katikati ya mti, kamba ikapita juu ya roda. Roda ni lile gurudumu dogo lenye mfereji wa kupitishia kamba. Watu wa pwani huliita kapi.

Kabla ya kuanza kazi waliujaribu mti. Waliufungia mfuko wa saruji wa kilo 50, ukaning'inia. Mti haukuvunjika. Wakasema, "Huu unatosha, maana debe la udongo halizidi kilo 40."

Siku ya pili mti ukavunjika. Debe likarudi shimoni na udongo wake. Mchimbaji alijibanza ukutani, likamchubua bega. Lingempiga kichwani, tungekuwa na habari nyingine ya kuandika.

Maneno yakawa mengi. Wengine walisema mti umeliwa na mchwa. Wengine, ati kuna jirani mwenye husuda. Mimi niliuona mti ule, ulikuwa mzima kabisa. Kosa lilikuwa katika hesabu.

Hebu tuitazame kamba. Upande mmoja wa roda kuna debe, kilo 40. Upande wa pili kuna mvutaji. Ili debe lisishuke, mvutaji avute kwa nguvu gani? Lazima avute kwa nguvu ya kilo 40. Akivuta kwa 30, debe litashuka. (Shuleni nguvu hupimwa kwa nyutoni. Sisi tutumie kilo za mizani tunazozijua.)

Sasa, debe linavuta roda kwenda chini kwa kilo 40. Mvutaji naye anavuta roda kwenda chini kwa kilo 40. Roda imefungwa kwenye mti. Basi mti unabeba 40 na 40, jumla kilo 80! Na hapo debe limetulia tu. Mvutaji akishtua kamba, zinazidi. Wenzetu waliupima mti kwa kilo 50, wakautwika 80.

Nilipofundishwa jambo hili chuo cha ualimu sikuliamini mpaka nilipojaribu mwenyewe. Nawe jaribu. Chukua kile kigurudumu kinachobaki uzi wa cherehani ukiisha. Pitisha msumari katikati, upigilie msumari kwenye mwimo wa mlango, kigurudumu kizunguke bila kukwama. Pitisha uzi juu yake. Kila mwisho wa uzi funga kopo, makopo yawe sawa. Tia mchanga vijiko 10 kila kopo. Makopo yatatulia. Sasa shusha kopo moja kidogo, kisha liachie. Wengi husema litapanda kurudi lilikokuwa. Halirudi! Linakaa pale pale ulipoliacha, kwa sababu uzito wa pande zote mbili bado ni sawa. Ongeza vijiko vitatu upande mmoja, utaona upande huo unashuka na wa pili unapanda.

Kwa sababu hiyo hiyo, kijana wa kilo 45 hawezi kuvuta mfuko wa kilo 50 kwa roda moja kwa kuning'inia kwenye kamba. Ataning'inia kama popo, na mfuko utabaki chini. Wakivuta wawili, mfuko ukafika juu, kisha mmoja akaachia, mfuko utashuka na kijana atapaa. Si mchezo huo, vidole vinaweza kubanwa kwenye roda.

Je, roda haipunguzi mzigo? Roda moja iliyofungwa juu haipunguzi hata kilo moja. Faida yake ni kwamba unavuta kwenda chini, uzito wa mwili wako unakusaidia. Ukitaka kupunguza mzigo, tafuta roda ya pili. Funga mwisho mmoja wa kamba kwenye mti. Ushushe kamba, uipitishe chini ya roda ya pili, ambayo imefungwa kwenye debe. Kisha uipandishe kamba, ipite juu ya roda ya kwanza, ishuke mpaka mkononi mwako. Sasa hesabu: kamba ngapi zinashika debe? Mbili. Kilo 40 gawanya kwa 2, kila kamba inabeba kilo 20. Nawe unavuta kilo 20 tu, ongeza kidogo kwa ajili ya uzito wa roda yenyewe na msuguano.

Na mti? Mwisho uliofungwa unavuta kilo 20. Roda ya juu ina kamba mbili, 20 na 20. Jumla ni 60. Mti nao umepata nafuu.

Lakini nafuu hiyo ina bei yake. Debe likipanda mita 1, wewe unavuta kamba mita 2. Kisima cha mita 10 kitakutaka uvute mita 20. Mabaharia wa majahazi wanaijua sana hesabu hii. Foromali na tanga lake ni mzigo mzito, hivyo hupitisha kamba kwenye makapi mara kadhaa, wakavuta kamba ndefu kwa nguvu ndogo.

Wale wenzetu walikata mti mnene zaidi. Safari hii waliufungia mifuko mitatu ya saruji, kilo 150, kabla mtu yeyote hajashuka shimoni. Ukauacha usiku kucha, asubuhi ulikuwa haujapinda. Ndipo mchimbaji akakubali kushuka.

Sasa hesabu yako. Mchimbaji huyo ana kilo 70. Amekalia ubao, na wenzake wawili wanamshusha kwa roda moja. Mti unabeba kilo ngapi?