Mtoto Huyu Asifungishwe Chakula

Wako watoto wachache wanaozaliwa na ini lisiloweza kuondoa amonia, sumu inayobaki mwili ukiisha kutumia nyama, maharagi ao sambaza za Ziwa Kivu. Ni ugonjwa wa kurithi, si uchawi. Baba na mama wanaweza kuwa wazima. Amonia ikifika kwenye ubongo, mtoto anatapika, anasinzia ovyo, anaweza kufa.

Kila siku apewe vyakula hivyo kwa kipimo cha munganga. Lakini akipata homa na kukataa kula, mwili unakula nyama yake wenyewe, na sumu inazidi. Basi msimfungishe, hata kwa maombi. Ombeni njiani! Kama anameza vizuri, mpeni maji ya sukari, mkimbie naye hospitali usiku uleule.