Kidonge, Mdaku na Radio Trottoir

Neno ambalo Waingereza hulitumia kuyaita magazeti yao ya umbea, tabloid, lilizaliwa kwenye duka la dawa. Mwaka 1884 Henry Wellcome, wa kampuni ya Burroughs Wellcome ya London, alilisajili kuwa alama ya biashara ya vidonge vyake, dawa iliyoshindiliwa ikawa ndogo. Miaka mitatu baadaye vidonge hivyo vilikuwa njiani kuingia Kongo. Mvumbuzi Stanley, katika msafara wake wa kumwokoa Emin Pasha, gavana wa Ekwatoria (1887 hadi 1889), alipewa masanduku ya dawa na kampuni hiyo, na wapagazi wake wengi walitoka Unguja. Basi jina hilo lilipita msitu wa Ituri, kaskazini ya Kivu, pamoja na Waswahili, kabla gazeti lolote halijaitwa hivyo.

Zamu ya magazeti ilifika 1901. Siku ya mwaka mpya Joseph Pulitzer alimwachia Alfred Harmsworth, mwenye Daily Mail, ahariri New York World kwa siku moja. Harmsworth akapunguza karatasi kuwa nusu na kufupisha habari, msomaji azimeze upesi kama kidonge. Sifa mbaya ya jina hilo ilibandikwa baadaye.

Kiswahili cha Tanzania kilimtazama mtu mwenyewe. Kudakua ni kutoa siri nje. Mdaku ni yule asiyetulia mpaka ajue ya jirani na kuyapeleka mbele. Kuanzia miaka ya 1990, magazeti binafsi yaliporuhusiwa, Dar es Salaam ikapata Uwazi, Ijumaa, Risasi na mengine: picha kubwa, wasanii, fumanizi, uchawi. Watu wakayaita magazeti ya udaku, na wakayanunua. Naona jina hili ni la haki kuliko la Kiingereza, kwa kuwa linataja kazi inayofanyika.

Lakini huko Mubambiro, mashariki ya Kongo, jirani na Sake, kwenye barabara ya Goma, habari haingoji karatasi. Wakongo wana radio trottoir, redio ya kando ya barabara, jina lililovuma enzi za Rais Mobutu, serikali iliposhika redio na magazeti, wananchi wakabaki na midomo yao. Hapo Mubambiro hupita chukudu, skuta za mbao, zilizolemewa makaa na viazi, pikipiki, malori ya Masisi. Anayesimama kupumzika huulizwa: njia iko wazi? Nani yuko kilimani? Mapigano ya 2024, na ya Januari 2025 waasi wa M23 walipoichukua Sake kisha Goma, yalifika hapa hapa, palipokuwa na kambi ya MONUSCO, kikosi cha Umoja wa Mataifa, na ya askari wa SADC. Siku kama hizo uvumi ukikosea, familia hukimbilia penye risasi.

Ndiyo maana siiiti redio hiyo udaku. Mdaku anatafuta ya chumbani kwa mtu; watu wa Mubambiro wanatafuta pa kupita salama. Radio Okapi, inayotangaza kwa Kiswahili pia tangu 2002, huwasaidia kupima wanayosikia, lakini haiwezi kuwa kwenye kila kona. Ukiletewa neno barabarani, muulize aliyelileta: umeona kwa macho yako au umeambiwa? Na kama umeambiwa, na nani?