Jicho Linalotafuta Njia

Mwezi Oktoba 2023, katika mji mdogo wa Eiheiji nchini Japani, kigari cha umeme kisicho na dereva kiligusa baiskeli iliyoegeshwa kando ya njia. Baiskeli haikuwa na mtu na hakuna aliyeumia. Hata hivyo, huduma nzima ilisimamishwa hadi Machi 2024, na sababu iliyotolewa imenigandia kichwani tangu nilipoisoma: kamera haikuwa imefundishwa vya kutosha jinsi baiskeli isiyo na mpandaji inavyoonekana kwa nyuma.

Eiheiji si mahali palipoachiwa bahati. Njia yenyewe ni mapito ya reli iliyofungwa mwaka 2002, yakageuzwa kuwa barabara ya waenda kwa miguu na wapanda baiskeli. Chini yake kumefukiwa waya wa umeme, na kigari kinaufuata polepole, kwa mwendo usiozidi kilomita 12 kwa saa, katika kipande cha kilomita 2 hivi. Msimamizi mmoja aliyeketi mbali anaweza kuangalia vigari vitatu kwa pamoja. Sheria ya barabara ilirekebishwa kwanza, vibali vikatolewa, na Mei 2023 Japani ikaanza hapo kusafirisha abiria kwa magari ya daraja la nne, yale yanayojiendesha bila dereva ndani ya mazingira yaliyokubaliwa tangu mwanzo. Yote hayo yakapangwa, baiskeli ikasahaulika.

Mtu aliyenisaidia kuielewa baiskeli ile ni mhandisi wa Kijerumani aliyeunda magari yanayojiendesha miaka ya themanini. Ernst Dickmanns, mzaliwa wa 1936, alitoka kwenye hesabu za njia za vyombo vya anga, akawa profesa katika chuo kikuu cha jeshi mjini Munich. Huko alichukua gari la mizigo la Mercedes la tani tano, akalijaza kompyuta hadi nyuma, akaliita VaMoRs. Mwaka 1987 gari hilo lilikimbia peke yake kwa kasi ya kilomita 96 kwa saa kwenye barabara kuu ambayo ilikuwa haijafunguliwa kwa umma.

Kilichonivutia zaidi ni macho ya gari lile. Kompyuta za wakati huo zilihitaji dakika kadhaa kuchambua picha moja, na gari linalokwenda kasi halina dakika hata moja. Dickmanns hakungoja kompyuta bora. Aliuliza mtu anaonaje. Jicho letu halisomi kila kitu kwa usawa: sehemu ndogo ya katikati ndiyo inayoona vizuri, na jicho hurukaruka kuielekeza panapohusika. Basi akafunga kamera mbili juu ya kitako kinachogeuka upesi, moja ikitazama kwa upana, nyingine ikivuta mbali. Programu haikuchambua picha yote. Ilichagua vipande vichache, ukingo wa barabara, mstari mweupe, kivuli chini ya gari la mbele, ikaachana na mengine.

Tena ilikumbuka. Hili Dickmanns amelirudia katika maandishi yake: kuona ni kazi ya wakati, si ya picha. Gari linabeba dhana ya kile kilicho mbele na mwendo wake, linatabiri kitakuwa wapi baada ya kufumba na kufumbua, kisha linatazama kama utabiri umetimia na kujirekebisha. Dereva wa basi anayeteremka mlima wa Kitonga hafanyi tofauti: hahesabu majani ya mlimani, anasoma kona, lori lililo mbele yake, na mtoto aliyesimama ukingoni akionekana kama anataka kuvuka.

Mradi mkubwa wa Ulaya wa Prometheus ulipoanza mwaka 1987, baadaye ukigharimu takriban euro milioni 749, kufukia nyaya barabarani lilikuwa mojawapo ya mawazo yaliyokuwa mezani. Dickmanns alishikilia kwamba gari lenyewe ndilo lipewe macho, na akasikilizwa. Mwaka 1994 magari mawili ya Mercedes yalijiendesha katikati ya msongamano kwenye barabara kuu karibu na Paris. Mwaka uliofuata mojawapo lilitoka Munich hadi Odense, Denmark, na kurudi, zaidi ya kilomita 1,600, mara nyingine likipita kasi ya kilomita 170 kwa saa. Asilimia 95 hivi ya safari ilikwenda bila mkono wa mtu. Baada ya hapo hamu ya wenye fedha ikapoa, na mzee akastaafu mwaka 2001. Inauma kuona kazi ya namna ile ikiachwa kabatini.

Katika maandishi yake ya baadaye anatofautisha uonaji wa aina mbili. Upo unaothibitisha yale yaliyokwishachorwa kwenye ramani, na upo wa mpelelezi anayeingia asipopajua. Kwa maoni yake, magari mengi ya leo yamejengwa juu ya ule wa kwanza.

Nadhani ana haki ya kusikilizwa upya. Machi 2018, mjini Tempe, Arizona, gari la majaribio la Uber lilimgonga na kumuua mwanamke aliyekuwa akivuka barabara usiku huku akisukuma baiskeli. Uchunguzi wa bodi ya usalama wa usafiri ya Marekani ulionyesha kwamba mitambo ilikuwa imemgundua sekunde 5.6 kabla. Ilimwita gari, ikamwita kitu kingine, ikamwita baiskeli, na kila ilipobadilisha jina ilitupa kumbukumbu ya alikotokea. Kwa hiyo haikuweza kujua anaelekea wapi. Macho yalikuwepo, kumbukumbu ambayo Dickmanns aliihimiza tangu enzi za VaMoRs haikuwepo.

Lakini hata yeye ananiachia swali gumu. Japani imepanga kufikisha huduma za aina hii katika maeneo zaidi ya 100 ifikapo mwaka wa fedha 2027. Waya wa Eiheiji unaweza kufukuliwa, ukapimwa, ukapigwa muhuri. Jicho linalojitafutia njia, linalokisia na kujirekebisha, litakaguliwa vipi na ofisa anayetakiwa kutia saini kibali? Kwa kilomita ngapi, mbele ya baiskeli za namna ngapi? Na siku likikosea, atakayeitwa kujibu ni aliyelifundisha, aliyetia saini, au yule msimamizi aliyekuwa na vigari vitatu machoni kwa wakati mmoja?